Majiko Mawili, Sinia Moja

Editha, ambaye sasa ndiye meneja wenu, ameniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijaanza kusahau. Nimemjibu kwamba kusahau nimeshaanza, ila nasahau mambo ya wiki iliyopita tu. Ya zamani yapo palepale. Basi ninyi vijana mnaokikalia kiti changu pale studio, someni taratibu. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, kwa sababu la kwanza halikutokea mara nyingi na la pili lingewakatisha tamaa. Nitawaeleza habari za sikio langu, za chakula, na za siku niliyoshindwa uchaguzi. Hiyo ndiyo siku ya kazi ninayojivunia kuliko zote.

Nilizaliwa Mapera, huku Mbinga, kwenye miteremko ya kahawa na ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia. Babu yangu mzaa baba, Mzee Longinus, alikuwa na uwanja mpana mbele ya nyumba yake, na kila jioni nyumba zote za ukoo zilipeleka chakula pale. Mama alipeleka chake, mama mkubwa chake, na wake za baba zangu wadogo vyao. Wanaume na wavulana tulikaa upande mmoja, akina mama na wasichana upande wao, tukala kwenye vyombo vyote bila kuuliza kipi cha nani. Sisi Wamatengo tunaita sengu. Wataalamu wakija huandika kwamba sengu ni baraza la kusuluhisha ugomvi, na hawajakosea, lakini mimi nililijua kwanza kama mahali pa kushiba. Sheria yake ilikuwa moja: unune utakavyo, lakini usinune mbali na chakula. Baba alipogombana na baba mdogo kwa sababu ya mpaka wa shamba, babu aliwakalisha pamoja, na kila mmoja akaanza kumega kwenye chakula cha nyumba ya mwenzake. Maneno yalikuja baadaye, watu wakiwa wameshiba na sauti zimeshuka.

Nilipomaliza shule nilimfuata mjomba Arusha, akanitafutia kibarua kwenye ghala la kahawa. Kubeba magunia hakukunishinda, kwa kuwa nyumbani niliyabeba kupanda mlima, na huko sakafu ilikuwa tambarare. Siku moja fundi wa magari aliyekuja kutengeneza lori la ghala alinizunguka akinitazama kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Akaniuliza kama nimewahi kucheza raga. Nikasema najua mpira wa miguu, nacheza namba tano. Akaniambia hiyo inatosha, nije Jumamosi, na viatu nisivihangaikie. Huyo ndiye Kocha Elinami, Mmeru mfupi mwenye sauti kubwa, mwalimu wangu wa kwanza wa kazi, ingawa mimi na yeye hatukujua kwamba ananifundisha kazi.

Siku ya kwanza nilipewa mpira wenye umbo la papai, nikakimbia nao mpaka nikaona nimezidiwa, nikamrushia mwenzangu aliyekuwa mbele. Filimbi. Nikarudia, filimbi tena. Kocha akaja akanishika mabega, akanigeuza nyuma mzima mzima. Mpira huu, akanieleza, unakwenda mbele kwa miguu ya anayekimbia nao, ila mkono unautupa nyuma, kwa hiyo kabla ya kukimbia jua nani anakufuata. Nilidhani ni mchezo wa wendawazimu. Miaka mingi baadaye, nikiwa diwani, nilishuhudia watu wakikimbia peke yao mpaka mwisho wa uwanja, wakageuka na kukuta hawana wa kumpa. Nikamkumbuka Kocha.

Niliwekwa mstari wa mbele kwenye skramu. Hapo watu wanane wa kwetu na wanane wa kwao wanashikana, wanainama, wanafungana vichwa na mabega, kisha wanasukumana. Sikio langu la kushoto ndilo lililokuwa likibanwa. Lilivimba, likapona, likavimba tena, mpaka likawa kama andazi lililokaliwa. Aliyelimaliza kabisa alikuwa bonge la mtu kutoka Moshi, ambaye jina lake nililijua baada ya mechi tu, kwa sababu alikuja kukaa karibu yangu kwenye chakula. Timu zote mbili zilikuwa zinakula pamoja, nyama na ndizi, juu ya majani ya mgomba. Alinisogezea mbavu akasema, kaka, kula kabla hazijapoa. Mimi nikiwa na bandeji kichwani niligeuza uso. Kocha Elinami aliona.

"Hapa haondoki mtu hajala na aliyempiga," akasema. "Kama huwezi, Jumamosi ijayo usije."

Nilicheka, ingawa kucheka kuliniuma. Nilikuwa nimevuka nchi nzima kwa basi, kumbe nimekuja kukuta sengu ya babu, na wanaoiendesha hawajawahi hata kusikia jina lake. Nikala. Yule wa Moshi tulipigana mabega miaka kadhaa, na hatukuwahi kuachana bila kula pamoja.

Nilirudi Mbinga baba alipougua. Wakati huo redio yetu ya jamii ilikuwa na chumba kimoja, feni moja, na mlango ambao ulifungwa kwa tofali. Kazi niliipata uwanjani. Mtangazaji wa mechi alikaukiwa sauti kabla ya mapumziko, wakatafuta mtu mwenye kifua, nikasukumwa mbele. Nilitangaza kipindi cha pili kwa pumzi ya raga. Watu wa mjini wanasema walinisikia bila kuwasha redio.

Kesho yake nilikutana na Bi. Anastazia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na ndiye aliyekuwa mkuu wa vipindi. Aliniambia kwamba mikrofoni si kiziwi. Kisha akanikalisha mbele ya ukuta akaniamuru nizungumze na mama mmoja tu anayechambua maharage, si na umati. "Umati hauna redio," akasema, "mwenye redio ni mtu mmoja mmoja." Niliongea na huyo mama wa maharage miaka yote ya kazi yangu. Nikimwona anainua kichwa, najua nimesema kitu. Akiendelea kuchambua, nafupisha.

Vifaa vyetu msivicheke. Kinasa sauti kilikuwa cha kaseti, na mkanda ukitoka tuliurudisha kwa kuzungusha penseli. Nilipokwenda Chiwanda kurekodi, betri ziliishiwa nguvu nikiwa na mahojiano ya mwisho, nikazianika juu ya bati la nyumba ya mwenyeji wangu tukasubiri huku tunakula usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na jua lilipozipasha zikatupa dakika tulizozihitaji. Visikilizio vya masikioni vilikataa kukaa kwenye sikio langu la kushoto. Kwa hiyo nilivaa upande wa kulia tu, na lile bovu likabaki chumbani na mgeni. Sikio la kulia lilisikia alichosema, la kushoto likasikia alivyopumua kabla ya kusema. Nawashauri mjaribu, bila kwanza kubanwa kichwa na mtu wa Moshi.

Jambo jingine ni matangazo ya vifo. Jina la marehemu lithibitisheni kwa ndugu kabla ya kulisoma, na wajukuu msiwaruke. Nilikuwa nikiyasoma mara tatu kimyakimya kabla ya kuingia hewani, kwa sababu huku kwetu mtu anaweza kukusamehe habari ya siasa uliyoikosea, lakini jina la mama yake ukilivuruga siku ya msiba atakutazama vibaya mpaka na wewe utangazwe.

Sasa nifike kwenye chakula. Tulianzisha mijadala ya wagombea udiwani, tukawa tunaifuata kata kwa kata. Kwenye kata moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja na wenyewe mnaijua, wagombea wawili walitukanana hewani mpaka wakafika kwenye koo zao. Uchaguzi ukapita, mmoja akashinda. Baada ya muda mfupi mama wa mshindi akafariki, na upande ulioshindwa haukwenda kuzika. Wageni wanaweza wasielewe uzito wake. Huku mtu akikosa harusi yako ni shughuli zake, lakini akikosa kaburi amekuvua ujirani. Wachache waliofika walipokezana majembe bila kupata wa kuwapumzisha. Bi. Anastazia alikuwapo, na aliporudi studio alikaa bila kuvua viatu vyenye udongo.

"Sisi ndio tuliowapa mikrofoni," akasema.

Nikamweleza habari za sengu na za Kocha Elinami. Nikapendekeza kwamba wagombea wakimaliza mjadala wale pamoja, na baada ya matokeo wale tena, aliyeshinda na aliyeshindwa. Alifikiri sana. Kisha akakubali kwa sharti kwamba mikrofoni zizimwe, kwa maana wakila hewani wataigiza.

Mlo wa kwanza niliuharibu mimi. Niliagiza ugali na samaki aina ya mbasa kwa mama lishe jirani na ofisi ya kata, mpishi hodari, nikaona mambo yamekwisha. Mgombea mmoja akanawa. Mwenzake akalitazama sinia, akaingiza mikono chini ya mapaja, akasema tumbo lake halijatulia tangu asubuhi. Tukamsihi weee, akagoma. Mwishowe mlinzi wa ofisi ndiye aliyeninong'oneza kwamba yule mama lishe ni shemeji wa mgombea wa kwanza. Yule bwana hakuwa mgonjwa; alihofia kutiliwa kitu. Nami niliyekulia kwenye sengu nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto wa Mapera analijua kabla ya kuota meno: pale chakula hakitoki jiko moja.

Safari iliyofuata tukarekebisha. Kila mgombea aje na chakula kilichopikwa kwake, vyote viwekwe kwenye sinia moja, na kila mmoja aanze na cha mwenzake. Hofu ikaisha. Wapo waliokula tonge moja la adabu na wapo waliotuomba tuongeze mboga, lakini tangu hapo hakuna aliyekataa kunawa. Hata vyama vikazoea. Mwaka mmoja wake wa wagombea walishindana kwa mapishi kuliko waume zao walivyoshindana kwa hoja, na mimi nikasema hewani kwamba kama kura zingepigwa jikoni tungepata madiwani wazuri zaidi.

Mke wangu, Tekla, ni wa Mbaha, na mama yake alipozeeka tulihamia huko chini ziwani. Wazee wa kule wakaniomba nigombee udiwani. Nilisema mimi ni wa milimani, wakasema sauti yangu imekaa majumbani mwao muda mrefu kuliko wakwe zao. Nikaacha kazi ya redio, kwa sababu mtu hawezi kuwa mchezaji na mwenye filimbi kwa wakati mmoja. Mpinzani wangu alikuwa Mwalimu Osmund, aliyemfundisha Tekla kusoma, na nusu ya kata pia. Nikashinda. Tukala, akamega samaki wangu kwa utulivu, akanitakia heri. Sikuona ugumu wowote. Aliyeshinda huona kila chakula kitamu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa bomba la maji. Chemchemi ipo juu mlimani, vijiji vipo chini, na wenye chemchemi hawakutaka maji yao yateremke kwa watu ambao, kwa maneno yao, wamekaa kando ya ziwa zima na bado wanalia kiu. Nilipanda kule mara nyingi. Nilikula kwao, wakashuka wakala kwetu, tukaelewana. Maji yakafika kijiji cha kwanza, yakafika cha pili. Kabla hayajafika cha tatu muda wangu ukaisha, na kijiji cha tatu kikampa kura Mwalimu Osmund. Nikashindwa. Siwalaumu, maana hata mimi ningekuwa na ndoo tupu ningefanya hivyo.

Asubuhi ya siku ya mlo, uwanja wangu ulijaa vijana wa kampeni. Aliyewaongoza ni Gotfrid, mdogo wake Tekla, kijana mwenye moyo mwema na kichwa cha moto. Walisema tumeibiwa. Nikauliza ushahidi uko wapi.

"Ushahidi tutautafuta, shemeji," Gotfrid akasema. "Wewe usiende tu kula. Ukila naye, umekubali."

Nawaambia kweli, sikutaka kwenda. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito. Lakini nilijua pia kitakachofuata. Nisipokwenda mimi niliyeuanzisha mlo ule, hakuna mgombea mwingine atakayekwenda tena, na kaburi la kwanza litakalochimbwa kata ile litachimbwa na nusu ya watu. Baba mkwe wangu alikuwa mgonjwa kitandani. Nilijua kabisa linaweza kuwa lake.

Tekla akatoka jikoni amebeba chungu alichokifunika kwa kanga. Alisimama katikati ya vijana, wakampisha.

"Chakula nimeshapika," akaniambia. "Kama wewe huendi, nakipeleka mimi."

Nikakipokea. Nilitembea nacho mpaka ofisi ya kata, mtu mzima na sikio langu bovu, nimebeba chungu kama bibi harusi anayepelekwa, na vijana wakinifuata kwa mbali. Mwalimu Osmund alikuwa ameketi barazani mbele ya sinia, ugali na usipa wa mkewe umeshawekwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikaweka mbasa wa Tekla pembeni. Kisha yule mzee, aliyenizidi umri na kura, akasimama, akachukua jagi la maji ya kunawa, akanimiminia mikononi.

"Umeibeba kata hii vizuri," akasema. "Nawa, mdogo wangu. Tule."

Macho yaliniuma, na haukuwa moshi. Nikaanza na usipa wake, naye akaanza na mbasa wangu. Gotfrid na wenzake walikuwa wamesimama kule barabarani. Mwalimu akainua kichwa, akamwita kwa jina, akamkumbusha kwamba herufi zake za kwanza aliziandika kwenye ubao wake, akamwambia aje anawe. Hakuja mara moja. Alikung'uta viatu, akatazama ziwani, akarekebisha mkanda. Halafu akaja, na waliobaki wakaja nyuma yake. Kulikuwa na chakula cha watu wawili, tukala watu wengi, na kila mtu alipata.

Tulipokuwa tunamalizia, Mwalimu aliniuliza bomba limeishia wapi hasa. Nikachukua mwiba wa samaki nikamchorea kwenye ugali uliobaki: hapa mlima, hapa tangi, hapa mkondo unaokula mabomba wakati wa masika, hapa nyumba ya mzee ambaye usipomsalimia kwanza hutapita. Aliuliza maswali kama mwalimu, nikajibu kama mwanafunzi aliyesoma. Hayo ndiyo yalikuwa makabidhiano ya ofisi yetu. Ya kwenye karatasi yalifanyika baadaye na hayakuwa na mboga.

Mwalimu alilifikisha bomba kijiji cha tatu. Siku ya kulifungua aliniita nifungue koki, nikafungua, maji yakanirukia suruali mbele ya watu wote nami sikujali. Kabla ya hapo baba mkwe alikuwa amefariki. Kaburi lake lilichimbwa na watu wa Mwalimu na watu wangu, jembe likipita mkono kwa mkono, na waliopumzika walikuwa wengi kuliko waliochimba. Nilisimama pale nikawahesabu kwa macho, nikajivunia kuliko siku yoyote niliyoshangiliwa uwanjani. Bi. Anastazia alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ningependa angekuwapo aone.

Baadaye nilirudi redioni, nikatangaza michezo na kuwalea ninyi mpaka nilipostaafu. Mnakumbuka sherehe mliyoniandalia pale ukumbini Mbinga. Mlinipamba vizuri, nawashukuru, hata ule mpira wa raga mlioupata sijui wapi nimeuweka sebuleni na wajukuu wanadhani ni yai la mamba. Siku hiyohiyo Editha alikuwa ametangaza kwamba kuanzia kampeni zijazo mlo wa wagombea utaondolewa. Alisema wagombea wa siku hizi wana haraka, kila mmoja atapewa soda na chakula chake kwenye boksi aondoke nalo. Sikubisha. Mstaafu akibisha siku ya kuagwa anaonekana hataki kuondoka.

Na sisi pale ukumbini tukagawiwa pilau kwenye maboksi, kila mtu lake. Mwalimu Osmund alikuwa kando yangu, sasa anatembea kwa fimbo. Alilifungua boksi lake, akalitazama, akanitazama mimi. Akamwomba mhudumu sinia. Lilipoletwa akamimina pilau yake yote upande mmoja, akanisogezea. Nikamimina yangu upande wa pili. Gotfrid, ambaye nywele zake nazo zimeanza mvi, akainuka meza ya nyuma akaja kumimina yake, hakuitwa na mtu. Hatukuhutubia. Tulikula tu, na Mwalimu akaanza upande wangu. Editha alikuwa amesimama karibu na spika, boksi lake mkononi halijafunguliwa, anatutazama.

Kesho yake asubuhi alinipigia simu. Baada ya shikamoo akaniuliza kwenye kampeni hizi chakula cha wagombea wakiagize kwa nani.

Nikamwambia wasiagize kwa mtu. Wao wapeleke sinia tupu.